Kichwa Nilichomwomba Mtani

Shughuli nzima iligharimu kichwa kimoja. Sisemi kwa mafumbo. Nasema kile cha ndani ya fuvu, kilichokuwa kikifikiri, kikitania, na kikikumbuka makosa ya kila mtu isipokuwa ya mwenyewe. Nusu yake ilivuka bahari, nusu ikabaki nchini. Nimeirudia hesabu hii mara mbili, maana ndivyo nilivyozoea, na mara zote mbili naona upande mmoja umelipa na upande wa pili bado. Upande wa pili ni mimi. Mwezi uliopita Eliza alikuja kwa basi la asubuhi kutoka Mombo, akaingia uani kwangu hapa Lushoto bila hodi, kama watani wanavyoingia, akanikuta nachambua maharage kwenye ungo. "Shikamoo, mtani." "Marahaba. Leo umekuja kuiba nini?" Akavuta kigoda, akaketi, akaanza kuchambua na yeye kutoka upande wake wa ungo, akasema bila kuinua uso, "Sikuja kuiba. Nimekuja kudai kichwa ulichokopa kwa baba." Nikacheka. Nilipoona hacheki, mkono wangu ukasimama juu ya maharage.

Akanieleza taratibu. Yeye mwenyewe umri wa kuogopa ameshaupita, amesalimika. Lakini mtoto wa marehemu kaka yake ameanza kuangusha vikombe. Wamempima damu huko Dar es Salaam na jibu limetoka, na jibu lenyewe lina jina sasa, ingawa dawa bado halina. Kuna madaktari vijana wanaoendelea na kazi ile ya zamani. "Vichwa vya kwetu wanavyo," Eliza alisema. "Walichokosa ni vya watu wa milima hii hii ambao hawakuumwa, wavilaze pamoja waone tofauti. Nikawaambia, mmoja ninaye. Aliahidi mbele ya kaburi." Hapo ndipo nilipoacha maharage, nikaingia ndani kumpikia chai, na mle jikoni, nikisubiri maji yachemke, mwaka ule ukanirudia wote kwa mpigo.

Ulikuwa mwaka wa Ujamaa. Redio ya duka la jirani ilishinda ikituhimiza tuhamie pamoja, na sisi wa milimani tukiulizana tuhamie pamoja wapi, kwa kuwa kwenye mteremko kama wetu nyumba mbili zikiwekwa sambamba, moja huteleza ikamwamkia mwenzake. Nilikuwa binti wa sokoni, nauza kabichi, karoti na mapichi, na nilikuwa na sifa moja tu: hakuna aliyenunua kwangu akaondoka na hakika kwamba ameshinda. Daktari Lameki alikuja akasimama mbele ya meza yangu asubuhi nzima. Alikuwa kijana wa bara aliyesomea ng'ambo, ana miwani mizito na viatu visivyofaa tope. Nyuma yake alisimama Profesa, Mzungu mrefu aliyefundishwa neno shikamoo, akalipenda mno, akawa anawaamkia hata watoto wa shule. Watoto walimwitikia marahaba kwa heshima zote, wakakimbia kucheka nyuma ya ghala.

"Ndugu Zuhura," Daktari Lameki aliniambia, "nimesikia wewe ni mtani wa ule ukoo wa upande wa Mlalo."

"Upi? Nina watani kila bonde."

Akainua mkono wake, akachezesha vidole hewani. Nikamwambia ashushe mkono upesi, watu wanaona. Ukoo ule hatukuutaja sokoni. Mtu wa kwao alikua vizuri, akaoa au akaolewa, akazaa, na alipofika umri wa makamo vidole vikaanza kucheza vyenyewe. Vikafuata mabega, vikafuata miguu, kisha maneno yakawa yanapotea njiani kabla ya kufika mdomoni. Waliomcha Mungu walisema ni majaribu. Waliobaki walisema mizimu ya kwao ilipenda ngoma mno ikiwa hai, na haikuridhika kufa. Daktari na Profesa walikuwa wamekwenda huko peke yao kutafuta damu ya wagonjwa na wasio wagonjwa, pamoja na maji ya uti wa mgongo, wakakuta milango imefungwa na moto wa jikoni umezimwa ghafla. Habari zilikuwa zimewatangulia kwamba mumiani wawili wanapanda mlima, mmoja mrefu kuliko mwenzake.

"Hii ni kazi ya taifa," Daktari alisema.

"Taifa lina mgongo? Hiyo sindano itaingia kwenye mgongo wa mtani wangu."

Nilikubali kwa masharti yangu. Damu itolewe uani, mchana, kila mtu akiona. Vichupa vihesabiwe vikiingia na vihesabiwe vikitoka, na mwenye kuhesabu niwe mimi. Na la mwisho, ambalo Daktari alilikataa kwanza, ni kwamba watangulie wao kutoa. Nilimwambia watu wa kule si wajinga, hawampi mtu kitu ambacho yeye mwenyewe anaogopa kukitoa. Basi siku ile, ukungu ukiwa umefika hadi magotini, Profesa alikunja shati uani kwa Yoeli, baba yake Eliza, akatoa damu yake ikaonekana ni nyekundu kama ya mbuzi, na bibi mmoja akasema kwa mshangao, "Kumbe hata wao!" Baada ya hapo wakajipanga. Nilihesabu vichupa, nikavihesabu tena, vikalingana.

Yoeli ndiye niliyekuwa namtania zaidi. Alikuwa fundi seremala, Mlutheri wa kuimba sauti ya nne, na ugonjwa ulikuwa umeshamfika mabegani nilipoanza kwenda kwake na madaktari. Chumba chao cha mbele nakiona mpaka leo: dirisha moja dogo, kalenda ya kanisa ukutani, meza aliyoitengeneza mwenyewe enzi mikono ikimtii, na kiti chake pembeni. Chini ya kiti, sakafu ya udongo ilikuwa imechimbika mashimo mawili ya visigino vyake, laini kama mabakuli. Mkewe, Mama Eliza, alikuwa akiyajaza kwa udongo na kuyapiga maji kila Jumamosi, na Jumapili jioni yalikuwa yamerudi. Lakini kilichonitisha hakikuwa kule kucheza. Kilikuwa kutulia. Yoeli akishikwa na usingizi pale kitini mchana, mwili wote ulinyamaza ghafla, vidole vikalala juu ya mapaja, visigino vikakaa kwenye mashimo yake, na nyumba nzima ikanyamaza naye. Watoto waliacha kutafuna. Mama Eliza aliweka chini alichoshika, akamtazama kifuani mpaka aone kinapanda. "Akicheza najua yupo," aliniambia mara moja. "Akitulia hivi, sijui ameniachia nani hapa kitini."

Siku Daktari Lameki alipoleta neno la kichwa, tulikuwa tumekaribishwa chakula. Ugali, mnavu, na maharage yaliyotiwa samli. Mama Eliza alimlisha mumewe kwa kumvizia: alisubiri uso upite, akaingiza tonge. Daktari hakula. Alikuwa amenivuta kando tukiwa bado nje, akaniambia damu na maji ya mgongo haviwaonyeshi kitu, ugonjwa unakaa ndani ya ubongo wenyewe, na hawawezi kuuona mpaka mgonjwa afe na familia iridhie. Akaniomba niombe. Nilimwambia hakuna lugha ya kuombea kitu kile. Ukimwambia mtu kwa uzito kwamba unataka kichwa chake akifa, umemwambia afe. Iko njia moja tu, nayo ni utani, na utani una sheria zake, asije akanilaumu.

Basi nikamega tonge, nikasema kwa sauti, "Mgosi, mwanaume wewe, siku ukifa vyako vyote ni vyangu. Randa nitachukua, msumeno nitachukua. Na kichwa hicho nakichukua."

Watoto wakaangua kicheko. Yoeli naye akacheka, na kicheko chake kilikuwa kikimtikisa mpaka kiti kinapiga ukuta. Maneno yalimchukua muda. Tulisubiri. "Kichwa changu... mndee... binti wewe... utakifanyia nini?"

"Nawapa hawa mumiani wangu. Wanataka waone ngoma inapigiwa chumba gani."

"Na mimi... unanipa nini?"

"Nakupa changu."

"Chako kina kabichi tupu."

"Hicho hicho."

Akatulia kidogo, kwa kadiri alivyoweza, akamtazama Profesa, kisha akanitazama mimi. "Sawa. Kabichi haichezi. Wakiviweka pamoja... wataona changu kimepindia wapi. Chukua. Lakini na chako... kije."

Nilipomweleza Daktari, maana yale yalisemwa nusu Kishambaa, naye akamtafsiria Profesa, Profesa aliweka kijiko chini na hakukichukua tena. Njiani wakati wa kurudi Daktari aliniuliza, "Sasa amekubali au alikuwa anatania?" Nikamwambia alikuwa anatania, na amekubali. Alinisumbua kwa swali hilo mpaka Lushoto. Kwao ilikuwa ni moja kati ya mawili. Nimelifikiria swali lake miaka mingi na jibu langu halijabadilika. Yoeli alikuwa mtu pekee mezani pale aliyeweka bei, na mtu anayetania tupu hawekei mzaha wake bei.

Alikufa majira ya baridi, kifua kilimbana, hospitalini hapa hapa. Daktari Lameki alimfuata Mama Eliza kwenye benchi la nje, akamwomba ruhusa kwa heshima, huku amemnyooshea karatasi. Mama Eliza hakuitazama karatasi. "Nilikuwepo mtani alipoomba," alisema. "Mwenye kichwa alijibu mwenyewe. Mimi ni nani nimjibie?" Jioni wakamrudishia mumewe amefungwa kitambaa cheupe kichwani, vizuri, kama mtu anayeumwa jino. Alikuwa ametulia. Hakuna aliyezoea kumwona hivyo, na nyumbani wanawake walikuwa wakiingia kumtazama, wakitoka wanakwepana macho.

Maziko ndiyo ninayoyaota. Wajibu wa mtani mnaujua: jeneza lilipofika, nikaruka nikaingia kaburini, nikalala chali, nikasema sitoki mpaka nikombolewe, nataka kuku na kanga mbili. Kawaida watu hucheka, huleta kitu, huvutana nawe kidogo kwa maneno, msiba ukapungua uzito. Siku ile ukungu ulikuwa umefunika mdomo wa kaburi. Juu yangu niliona mstatili mweupe tu, hakuna uso. Nikasubiri kicheko. Hakikuja. Udongo ule wa huku, mwekundu na mbichi, ulikuwa unanipitishia baridi mgongoni, na ndani ya ukimya nikasikia kitu kikikwangua. Kwangu, kwangu, kinaacha, kinaanza tena. Mlio ule niliujua. Nilikuwa nimeusikia chumbani kwa Yoeli chini ya kiti chake, na Yoeli alikuwa amelala kwenye jeneza hatua chache kutoka nilipo.

"Mtoeni," sauti ya mzee mmoja ilisema. "Mpeni kuku atoke."

"Hapewi." Ilikuwa sauti ya Mama Eliza. "Kuku wa nini? Huyu ameshachukua. Leo hakombolewi, leo anadaiwa. Zuhura, unanisikia huko?"

"Nakusikia."

"Ulimwahidi nini?"

Niseme ukweli, nilitaka kujibu kwa mzaha na mzaha haukuja. Kule chini hakuna pa kugeukia. "Nilimwahidi changu," nikasema, na sauti yangu ikanirudia kutoka kwenye kuta za udongo kana kwamba kuna mwenzangu anayenisahihisha.

"Mmesikia nyote. Toka, ukijua unadaiwa."

Walinipa mkono nikapanda. Ndipo uso wangu ulipofika usawa wa ardhi, nikaona kinachokwangua. Kilikuwa kisigino cha Zakayo, mdogo wake Yoeli, aliyesimama ukingoni amekunja mikono, macho kwenye jeneza, anasikiliza. Mwili wote ulikuwa umetulia isipokuwa kile kisigino, kinachimba udongo polepole, na mwenyewe hana habari. Niliinua macho. Mke wa Zakayo alikuwa amekiona. Mama Eliza alikuwa amekiona. Mwinjilisti alifungua kitabu, wimbo ukaanzishwa, na Zakayo akaimba sauti ya nne mahali pa kaka yake.

Baada ya hapo Mama Eliza alianza kuja hospitalini. Profesa alikuwa ameufunga ubongo uzi upande wa chini, akauning'iniza ndani ya ndoo iliyofunikwa ya fomalini, ile dawa ya kuzuia kuoza, ukomae bila kubonyea, kwenye chumba cha mwisho nyuma ya miti ya miwati. Mama Eliza alifika na ndizi na maharage kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, akakaa kwenye benchi la mlangoni, akala kidogo, na kilichobaki akakiacha hapo benchini kimefunuliwa. Nilikaa naye. Sikumuuliza. Siku moja aliomba kuona. Daktari alinitazama mimi, nami nikamwambia damu ilitolewa uani mbele ya watu, hili nalo lisifichwe. Akafunua ndoo. Chumba kilikuwa hakina upepo, dirisha limefungwa, na ule ubongo ulikuwa unazunguka kwenye uzi wake, taratibu, upande huu, unasimama, unarudi upande ule.

"Hata huku hatulii," Mama Eliza alisema.

Daktari akaeleza haraka kwamba ni mtikisiko wa lori barabarani. Nilitega sikio. Sikusikia lori. Akafunika.

Ulipokomaa wakaanza kubishana kuhusu kugawana. Tuliwasikia tukiwa nje kwenye benchi, bakuli kati yetu. Kiingereza changu kilitosha kuuzia kabichi, na neno nusu nalijua kwa lugha zote za wateja wangu. Profesa alitaka uende wote kwao kwenye darubini nzuri, Daktari Lameki alikuwa akisema nchi hii imetoa mtu na haitabaki mikono mitupu, wakati huu wa Ujamaa hata ubongo utagawanywa. Mwisho wakakubaliana uvuke upande mmoja, mwingine ubaki. Daktari akatoka kutuarifu, jasho limemjaa miwanini.

Mama Eliza akaniambia, "Muulize, maneno yake yalikaa upande gani?"

"Kwa watu wengi yanakaa kushoto, mama," Daktari akajibu mwenyewe.

"Basi kushoto kubaki. Huko wanakompeleka nani atamwelewa?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani, akarudi ndani, na ikawa hivyo. Kushoto kukabaki. Mama Eliza hakucheka. Aliokota bakuli lake, kisha akauliza swali la pili, kwa sauti ndogo, akiuelekea mlango. "Na kucheza? Kulikaa upande gani?"

"Pande zote mbili, mama."

"Basi na kucheza kumegawanywa," akasema, akafunga bakuli, na hakuja tena.

Upande wa kushoto ulichukuliwa na Daktari Lameki akarudi nao Dar es Salaam mwaka ulipoisha. Eliza ameuona. Anasema wameukata vipande vyembamba kama chapati ya maji, vimelazwa kwenye vioo, na daktari kijana alimwonyesha palipoliwa, mahali padogo pa kati, na pembeni yake akamwonyesha nafasi ambayo kingekaa kioo cha mtu asiyeumwa. "Pako wazi," aliniambia, huku chai inapoa. "Wanapaita jina la kitaalamu. Mimi napaita pa kwako."

Mwanangu mkubwa nilimwambia Ijumaa, tukiwa tunakula. Alikiweka kijiko chini. "Mama, utazikwa kama ulivyo, siku hiyo hiyo, na hakuna atakayekugusa." Nikamwambia niliahidi. Akasema ule ulikuwa utani. Sheikh nimemuuliza pia. Alisema ataangalia vitabu, na tangu siku hiyo akiniona mbali anapitia njia ya posta. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nakaa jioni kitini nikivitazama vidole vyangu, vimetulia juu ya mapaja, na badala ya kushukuru naona aibu, kama niliyevaa nguo ya mtu.

Nimebishana bei maisha yangu yote, lakini deni la namna hii sikuwahi kulikuta sokoni. Haliwezi kulipwa mdaiwa akiwepo. Siku ya malipo nitakuwa nimelala chumba cha mbele bila kauli, na watakaoamua ni wanangu, ambao wananipenda, na hiyo ndiyo shida. Eliza ana njia yake. "Niachie mimi," anasema. "Nitafika msibani kama mtani, nitalala mlangoni, nitasema nataka kichwa cha bibi huyu, na watacheka, watasema chukua. Gari litakuwa linasubiri." Najua itafaa. Watacheka kweli, nawafahamu. Lakini Yoeli alicheka akijua anachotoa, na alijua anachodai. Wanangu watacheka wakidhani ni mzaha, na watakapofahamu, nani atabaki kumsamehe Eliza? Nikisema nao kwa uzito, watakataa mpaka nife, na mtoto wa kaka yake Eliza ataendelea kuangusha vikombe, na ile nafasi kwenye vioo ibaki wazi. Nikinyamaza, nitamlipa Yoeli kwa kuwadanganya wanangu. Ninyi mnaosoma, na hasa mlio na watani wa kweli, nishaurini: niendelee kuwaomba watoto wangu mpaka wachoke kukataa, au nimwachie Eliza mlango? Nijibuni nikiwa bado naweza kubishana.